Bega lililoshonwa kano na bunduki inayopiga teke: kipi kipunguzwe kwanza

SWALI: "Nina miaka 57 na nimewinda kwa muda mrefu. Miezi kumi na minne iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kushona kano iliyochanika kwenye bega la kulia, na hilo ndilo ninaloegemezea bunduki. Daktari aliniruhusu kurudi kwenye kazi zangu za kawaida, ila habari ya bunduki hatukuigusa. Bunduki yangu ni ya risasi aina ya .30-06, ya bolti (kifungio cha chuma kinachovutwa kwa mkono kupakia risasi), nyepesi, kilo 3.2 pamoja na darubini, na kitako chake kina bamba la plastiki ngumu. Natumia risasi zenye kichwa cha greini 180 (greini ni kipimo cha uzito). Mwezi uliopita nilikaa mezani kurekebisha darubini, nikapiga risasi 18, na bega likauma siku sita, hasa usiku. Wenzangu kila mmoja ana lake: nifunge breki ya mtutu (kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachotupa gesi pembeni), ninunue bunduki nyepesi zaidi, nishike bunduki kwa ulegevu ili irudi yenyewe, nimeze dawa ya maumivu kabla ya kupiga. Nifuate lipi?"

JIBU: Pole sana kwa bega. Katika mashauri hayo manne, mawili yatakuongezea maumivu, nayo ni bunduki nyepesi na kushika kwa ulegevu. Moja ni la hatari, hilo la dawa. La breki lina ukweli ndani yake, lakini si la kuanzia. Kuna jambo la tano ambalo hakuna aliyekutajia: risasi 18 kwa mkupuo mmoja, ukiwa umekaa mezani. Hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya maumivu yako, na kuparekebisha hapo hakuhitaji kununua kitu.

Nianze na bega, maana bunduki inaweza kusubiri. Kano iliyoshonwa hushikamana upya na mfupa polepole, kwa miezi, na hata ikishapona haiwi tena sawa na ile uliyozaliwa nayo. Maumivu yanayokaa siku kadhaa na kuzidi usiku unapolalia upande ule ni dalili ya kawaida ya kano zilizokereketwa. Hayathibitishi kwamba mshono umeachia, lakini hayaondoi uwezekano huo pia. Ruhusa ya kazi za kawaida nayo si ruhusa ya bunduki. Daktari anapotoa ruhusa hiyo anafikiria kubeba, kusukuma na kuinua. Pigo la ghafla linaloishia kwenye kiungo ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo usipige hata risasi moja zaidi ya .30-06 mpaka aliyekufanyia upasuaji, au daktari mwingine bingwa wa mifupa, alipime bega hilo kwa mikono yake na pengine kwa picha.

Kama huwezi kuinua mkono pembeni hadi usawa wa bega, kama nguvu imepungua ghafla, au kama ulisikia kitu kikikatika siku ile, nenda wiki hii. Ganzi inayoshuka hadi vidoleni, umbo la bega lililobadilika, au mkono uliopoa na kupauka, ni safari ya siku hiyohiyo. Mishipa ya fahamu inayoendesha mkono mzima hupita chini ya mtulinga (mfupa wa mbele kati ya shingo na bega), karibu mno na mahali kitako kinapokaa. Na kwa wasomaji wengine wenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa chini ya mtulinga: upande huo usiegemezwe kitako cha bunduki kabla ya kuzungumza na daktari wa moyo, kwa sababu mapigo ya kitako yanaweza kuharibu nyaya za kifaa. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda nao waulize kwanza. Michubuko yao huvia damu nyingi kuliko inavyoonekana juu ya ngozi.

Dawa ya maumivu kabla ya kupiga ni kuzima king'ora na kuacha moto uendelee. Maumivu ndiyo kipimo pekee ulichonacho uwanjani cha kujua kwamba umefika kikomo. Ukikizima, utapiga risasi ya kumi na ya kumi na tano kwa furaha, kisha habari utaipata usiku.

Sasa teke lenyewe. Bunduki hurudi nyuma kwa sababu vitu viwili vinatupwa mbele: kichwa cha risasi, na gesi inayotokana na baruti. Watu wengi hukumbuka cha kwanza na kusahau cha pili. Chukua risasi yako: kichwa cha greini 180 ni gramu 11.7, nacho hutoka kwa takriban mita 820 kwa sekunde. Nyuma yake kuna karibu gramu 3.6 za baruti zilizogeuka gesi, nazo hutoka mtutuni kwa kasi kubwa zaidi. Katika hesabu za aina hii huchukuliwa kuwa mita 1,200 hivi kwa sekunde. Zidisha kila uzito kwa kasi yake, ujumlishe, na utaona kwamba karibu theluthi moja ya msukumo wote unatokana na gesi. Kumbuka theluthi hiyo, tutaihitaji tukifika kwenye breki.

Msukumo huo hauondoki. Bunduki iwe nzito au nyepesi, ni uleule. Kinachobadilika ni kasi ambayo bunduki inaupokea. Kilo 3.2 zinarudi nyuma kwa mita 4.3 kwa sekunde, zikibeba nishati ya jouli 30 hivi. Bunduki hiyohiyo ikiwa na kilo 4, kasi inashuka hadi mita 3.5 na nishati hadi jouli 24. Hiyo ni moja ya tano ya teke imeondoka, na risasi haijaguswa. Ndiyo maana bunduki nyepesi "kwa ajili ya bega bovu" ni ushauri uliogeuzwa kichwa chini: itakusaidia dakika zote za kutembea na kukuadhibu sekunde ile moja ya kufyatua.

Na kwa nini kushika kwa ulegevu kunaumiza? Kwa sababu bunduki isiyogusana vizuri na mwili hupata nafasi ya kufikia kasi yake yote kabla ya kukukuta, halafu inakupiga badala ya kukusukuma. Kitako kikiwa kimebanwa begani tangu mwanzo, uzito wa kifua chako unaungana na uzito wa bunduki, na wote mnaanza kurudi nyuma pamoja. Kubana si kukakamaa. Mkono wa mbele ndio uvute bunduki kuelekea begani, kwa nguvu kama ya kushikilia mlango usifungwe na upepo. Mkono wa nyuma ubaki huru kwa kifyatulio.

Ukikubaliana nami hadi hapo, mpangilio wa kazi unajionyesha: kwanza idadi ya risasi na mkao, pili aina ya risasi, tatu kitako, nne uzito, na breki mwishoni.

Meza ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kupokea teke. Ukiwa umesimama, kiuno kinakubali, goti linakubali, kiwiliwili kinayumba nyuma kidogo na pigo linapata nafasi ya kuisha. Ukikaa na kuinamia meza, kifua kimebanwa, na bega linabaki peke yake. Kulala kifudifudi ni vilevile, na pengine vibaya zaidi, kwa sababu kitako hupanda juu na kukaa karibu na mtulinga. Kama lazima utumie meza, iwe ya kwenda juu kiasi cha kukuwezesha kukaa wima au hata kusimama, na bunduki iinuliwe na mifuko ya mchanga hadi ikufikie wewe, si wewe uifuate chini.

Vipo vishikizi vya mezani vya chuma vinavyobeba bunduki na kuwekewa mifuko ya mchanga au vyuma vya uzito. Vinasaidia kweli, maana uzito wote huo unaungana na bunduki. Hatari yake ni kuvizidishia. Kishikizi kisichosogea hata kidogo huhamishia pigo kwenye bunduki: mbao za kitako hupasuka pale kwenye shingo nyuma ya kifyatulio, na vishikio vya darubini hulegea. Kilo 10 hivi za uzito, huku kishikizi kikiachwa kiteleze nyuma kidogo, zinatosha.

Tena, kwa nini risasi 18? Kurekebisha darubini hakuhitaji hata nusu ya hizo. Toa bolti, weka bunduki kwenye mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu kutoka nyuma hadi uone shabaha iliyo mita 25 ikiwa katikati ya duara la mtutu, kisha sogeza alama ya darubini iende palepale bila kuigusa bunduki. Rudisha bolti, piga risasi moja kwa mita 25. Rekebisha, ukikumbuka kwamba kwa umbali huo mbofyo wa kawaida wa darubini, unaosogeza karibu milimita 7 kwa mita 100, unasogeza robo yake tu. Piga ya pili kuhakikisha. Hamia mita 100, piga tatu, rekebisha, piga mbili. Hizo ni saba, na zinaweza kugawanywa siku mbili. Mazoezi mengine yote, ya pumzi, ya kidole, ya kupandisha bunduki begani haraka, yafanye kwa bunduki ya .22 au bila risasi kabisa. Bega halijali ulijifunza kwa bunduki gani.

Mahali kitako kinapokaa ni jambo linalostahili muda. Kiungo cha bega ni mfupa wenye kichwa cha duara ulioegemea kikombe kifupi sana, na kinachouzuia usitoke ni misuli minne na kano zake. Kitako kikikaa nje, juu ya kichwa cha mfupa wa mkono, kila pigo linausukuma mfupa huo nyuma na kano zinavutwa, ikiwemo ile iliyoshonwa. Kikikaa juu, kinagonga mtulinga. Wapigaji wa visahani vinavyorushwa hewani, wanaofyatua bunduki za marisau (punje ndogo za risasi) mara mamia, wamewahi kupata nyufa kwenye kichomozo kidogo cha kombe la bega kilichojificha nyuma ya msuli wa mbele, kwa sababu ya mapigo yanayorudi palepale. Mahali panapofaa ni ndani zaidi: kwenye nyama ya kifua, chini ya mtulinga, upande wa ndani wa kiungo. Tafuta kwa vidole vya mkono wa kushoto huku ukinyoosha mkono wa kulia mbele. Utahisi bonde laini.

Ili kitako kifike hapo, simama ukielekea shabaha zaidi kuliko ulivyozoea. Mkao wa ubavu, wa kumwonyesha mnyama bega la kushoto, hukivuta kitako kwenda nje hadi kwenye kiungo. Mguu wa kushoto utangulie hatua fupi, uzito uwe mbele, kifua kiinamie bunduki kidogo. Kiwiko cha kulia usikiinue hadi usawa wa bega kama wengi walivyofundishwa. Kiwiko cha juu kinatengeneza bonde zuri, ni kweli, lakini kinabana nafasi iliyo juu ya kano, mahali ambapo kano yako haitaki kubanwa. Kishushe, kiwe katikati kati ya ubavu na usawa wa bega.

Kuhusu risasi, hapa kuna faida ya haraka. Ukiacha greini 180 na kutumia greini 150, katika bunduki ileile ya kilo 3.2, teke linashuka kutoka jouli 30 hadi 26 hivi. Kuna pia risasi za kiwandani zilizopunguzwa teke, ambazo kwa .30-06 huwa na kichwa chepesi na baruti kidogo, na huleta karibu nusu ya teke la kawaida. Zina masharti: nguvu yake inapungua mapema, kwa hiyo ni za umbali wa wastani, mita 150 na kitu, na kichwa chake kiwe kimeundwa kupanuka kwa kasi hiyo ndogo. Hakikisha pia sheria ya uwindaji ya mahali ulipo inairuhusu kwa mnyama unayemtaka, kwani mahali pengi huwekwa kiwango cha chini cha kipenyo au cha nishati. Darubini irekebishwe upya, maana hazipigi palepale.

Onyo kwa wanaojaza risasi wenyewe: usipunguze baruti kwa kukisia. Baruti zinazoungua polepole zikipunguzwa mno kwenye ganda kubwa zinaweza kuungua vibaya na kupandisha shinikizo kuliko ujazo kamili, na kichwa cha risasi kinaweza pia kukwama ndani ya mtutu. Tumia baruti ambayo mtengenezaji wake amechapisha vipimo vya ujazo uliopunguzwa, na usishuke chini ya hapo.

Na kama uko tayari kubadili bunduki, badilisha aina ya risasi, si uzito. Nimepiga hesabu kwa bunduki ya kilo 4, zote sawa, ili ulinganifu uwe wa haki. .243 Winchester yenye kichwa cha greini 100 ni jouli 10 hivi. 6.5 Creedmoor yenye greini 140 ni 14, 7mm-08 yenye greini 140 ni 16, .308 yenye greini 150 ni 17 na nusu. .30-06 yako, na greini 180 zako, ni 24. .300 Winchester Magnum inakaribia 33. Kwa swala na wanyama wa kadiri hiyo, 6.5 au 7mm-08 iliyopigwa mahali pake haikupunguzii kitu. Mwindaji anayeogopa bunduki yake hukosa zaidi kuliko anayetumia risasi ndogo kwa utulivu. Hilo nalisema bila kusita.

Turudi kwenye kitako. Lile bamba la plastiki ngumu liondoke. Pedi laini ya mpira wa kisasa haipunguzi nishati ya teke hata jouli moja, na matangazo yanayosema vinginevyo yanachanganya mambo. Inachofanya ni kurefusha safari ya kusimama. Kwa mfano, jouli 27 zikisimamishwa ndani ya milimita 20, wastani wa nguvu ni niutoni 1,350. Zikisimamishwa ndani ya milimita 30, ni 900. Milimita kumi tu za mpira unaobonyea, na theluthi ya nguvu imepotea. Pedi pana na bapa pia hutawanya pigo kwenye eneo kubwa. Mpira uliokuwa laini miaka ishirini iliyopita huenda sasa ni mgumu kama soli ya kiatu: ubonyeze kwa kidole gumba, kama haubonyei hauna kazi.

Kabla ya kukata chochote, jaribu pedi ya kuvisha, ile inayovutwa juu ya kitako kama soksi. Itakuonyesha tofauti, na itakuonyesha tatizo lake pia: inaongeza milimita 20 au zaidi kwenye urefu wa kitako. Bunduki nyingi hutengenezwa zikiwa na takriban milimita 343 kutoka kifyatulio hadi katikati ya nyuma ya kitako. Ukiongeza bila kukata, kitako kinakamata nguo kwapani unapoinua bunduki, kisha kinakaa nje, juu ya mkono, palepale tunapopakimbia. Kifupi mno nacho ni balaa: darubini inakugonga nyusi. Pandisha bunduki isiyo na risasi, ukiwa na nguo utakazovaa porini, na umwombe mtu aangalie pembeni. Kati ya pua yako na kidole gumba cha mkono wa kulia pawe na nafasi ya vidole viwili hadi vitatu, na kati ya jicho na darubini milimita 85 hadi 100.

Ukishajua urefu unaokufaa, fundi bunduki atakata kitako kwa kipimo cha unene wa pedi, kwa kawaida milimita 25, na kuifunga. Mwambie aangalie pia pembe ya nyuma ya kitako. Kama ncha ya chini inatokeza zaidi ya ya juu, itakuchimba kifuani. Uso wote wa pedi uguse kwa wakati mmoja. Kama unaifunga mwenyewe, ziba matundu ya skrubu za zamani kwa vijiti vya mbao na gundi, toboa mapya kwa keekee ya milimita 3, na upake skrubu na bisibisi sabuni kidogo ili zisiuchane mpira zinapopita.

Umbo la kitako kwa jumla lina mchango wake pia. Kitako kilichonyooka, kilicho karibu na mstari wa mtutu, hurudi moja kwa moja nyuma. Kile cha zamani kilichopinda chini sana huinua mtutu, na shavu lako linapata sehemu ya kipigo. Sipendekezi kubadili kitako kizima kwa sababu hiyo peke yake, ila ukinunua bunduki mpya liangalie.

Uzito unaongezeka kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Chini ya bamba la kitako mara nyingi kuna tundu au uwazi. Mfuko wa kitambaa wenye gramu 300 hadi 400 za marisau, uliobanwa kwa sponji usigongegonge, unakaa humo bila kuonekana. Kiasi kingine kama hicho kiende mbele, ndani ya mbao ya chini ya mtutu, ili bunduki isielemee nyuma. Uzito wa mbele pia hutuliza kuinuka kwa mtutu. Mirija ya zebaki inayouzwa kwa kazi hii hufanya kazi, lakini sehemu kubwa ya faida yake ni uzito wake, na marisau ni uzito vilevile. Kilo 4 begani mwa mtu aliyeshonwa kano zina gharama yake, sikufichi. Beba bunduki kwa mkanda upande wa kushoto, na upige ukiegemeza kwenye fimbo za miguu mitatu. Kushikilia bunduki hewani dakika nzima kunachosha kano hizohizo.

Sasa breki ya mtutu. Inafanya kazi kwa ile theluthi ya gesi: inaizuia isitoke mbele, inaitupa pembeni na kidogo nyuma. Kwa kuwa nishati hufuata mraba wa kasi, kuondoa asilimia 20 ya msukumo huondoa asilimia 36 ya nishati, na breki nzuri hufika kati ya asilimia 30 na 50. Hakuna kifaa kingine kinachofikia hapo. Tatizo ni masikio. Mlio wa bunduki ya kuwindia tayari ni desibeli 160 na zaidi, wakati mlio wa ghafla wa 140 unatosha kuharibu usikivu. Breki inauelekeza kwako na kwa aliye kando yako. Ni lazima vizibo ndani na vifuniko juu kwa pamoja, kila risasi, porini pia, kwako na kwa mwongozaji wako. Mwindaji anayevua vifuniko "kwa risasi moja tu" amebadilisha bega kwa sikio, na sikio halishonwi. Usiifunge bila fundi: uzi wa skrubu wa mtutu usipolingana na tundu lake, kichwa cha risasi hugusa breki kikitoka.

Mahali ambapo kiwambo cha sauti (kifaa cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza mlio) kinaruhusiwa kisheria, ningekichagua kabla ya breki. Kinapunguza teke kwa asilimia 20 hadi 30 hivi, kinaongeza gramu 300 hadi 500 mbele, na kinashusha mlio badala ya kuupandisha. Bunduki zinazojipakia kwa gesi nazo hutandaza teke kwa muda mrefu zaidi, ila huwa nzito na mahali pengi haziruhusiwi kwa uwindaji.

Daktari akishakuruhusu, usirudi moja kwa moja kwenye .30-06. Kwanza uweze kulalia bega usiku bila maumivu na kushikilia bunduki tupu begani nusu dakika. Kisha .22, risasi 20. Kisha bunduki ya kiwango cha .243, au risasi zako zilizopunguzwa teke, tatu tu, ukiwa umesimama. Subiri saa 48. Maumivu yakiwepo asubuhi ya pili, rudi ngazi moja na umwambie mtaalamu wa fiziotherapia. Yasipokuwepo, ongeza hadi tano. Hata ukipona vizuri, risasi tano hadi kumi za bunduki kubwa kwa siku ni kikomo cha kuheshimu. Changanya humo risasi bandia za mazoezi, mwenzako akipakia usione: ukifyatua juu ya ile isiyo na baruti na mtutu ukaruka, tayari umeanza kujikunja kabla ya mlio, na siku hiyo imekwisha.

Daktari akisema bega la kulia lisipigwe tena, hamia kushoto. Tarajia miezi, si wiki. Anza kwa bunduki tupu, dakika kumi kwa siku, ukiziba kwa utepe nusu ya lenzi ya miwani mbele ya jicho la kulia kama ndilo linalotawala. Bolti ya mkono wa kulia si kizuizi ikiwa unapiga juu ya fimbo: bunduki inabaki imekaa, mkono wa kulia unaachia mbele na kuifungua, kitako hakitoki begani. Muulize fundi kuhusu tundu la kutolea gesi kwenye chemba, kwa sababu kwa mpigaji wa kushoto uso upo karibu nalo zaidi, na uvae miwani ya kinga kila wakati.